Ameanza Kula?

Wiki jana Mama Shiku alikuja kwetu na kilo moja ya sukari. Hapa Molo, jirani akija na sukari bila kuitwa, ujue kuna kitu anataka. Alikaa, akanywa chai, akalalamika juu ya baridi, akalalamika juu ya bei ya mbolea, halafu akainama kuchungulia karai lililo kando ya jiko, pale paka wetu hulala na watoto wake wanne.

"Hawa wameanza kula?"

"Wameanza, mama. Jana huyo wa madoa ameiba omena."

"Basi ako tayari. Nitamchukua jioni. Panya wanamaliza mbegu yangu yote kwa stoo."

Nikamwambia bado, wana wiki tano tu. Mama Shiku akaniangalia vile watu huniangalia tangu niache chuo, kana kwamba nimesoma vitu vingi isipokuwa vile vinavyohitajika. "Akishaanza kula anangoja nini? Shosho wako alinipa paka mdogo kuliko huyu, na alishika panya mpaka akazeeka."

Sikuwa na jibu la maana. Nilisema tu, "Nipe siku chache," naye akaacha sukari mezani kama rehani. Haya unayoyasoma ndiyo niliyoyapata katika hizo siku chache.

Swali lile, "ameanza kula?", nimelisikia maisha yangu yote. Ndilo kipimo chetu. Mtoto wa paka hufungua macho akiwa na siku kati ya 7 na 14. Wiki ya tatu anatembea akiyumba kama mlevi wa Ijumaa. Wiki ya nne anaanza kutia pua kwenye chakula cha mama yake. Ikifika ya tano au ya sita, mtu anakuja na gunia. Kwetu nyumbani paka hauzwi. Unapewa kwa sukari au kwa mayai matatu, unamtia guniani, unafunga mdomo wa gunia asione njia akarudi, na safari hii siku hizi ni ya bodaboda. Usiku wa kwanza analia. Usiku wa pili analia. Wa tatu ama amenyamaza ama amekufa, na akifa watu husema hakuwa na bahati.

Kipimo hicho si cha kijinga. Kwa mtu ambaye hana chakula cha kuchezea, mnyama anayejilisha mwenyewe si mzigo tena. Lakini kipimo kina historia, na ukifuata historia hiyo unafika mahali ambapo kinaanza kukosea.

Historia ya paka na sisi ni historia ya stoo. Maelfu ya miaka iliyopita, huko Mashariki ya Kati, watu walianza kulima nafaka na kuiweka. Nafaka ikaita panya, panya wakaita paka wa mwituni wa eneo hilo, na hakuna aliyemfukuza. Mwaka 2004 mwanaakiolojia Mfaransa Jean-Denis Vigne na wenzake walitangaza kaburi walilofukua kijiji cha Shillourokambos, kisiwa cha Kupro. Lilikuwa na umri wa miaka kama 9,500. Ndani mlikuwa na mtu, na karibu naye, kama sentimita 40 tu, paka mwenye umri wa karibu miezi minane. Kupro hapakuwa na paka wa asili. Kwa hivyo mtu fulani, kabla ya kaburi hilo, aliwavusha paka baharini kwa chombo. Gunia letu la bodaboda lina mababu wa zamani sana.

Kutoka hapo ruka hadi Wales, karne ya 10, kwa sheria zinazotajwa kwa jina la mfalme Hywel Dda. Sheria hizo ziliweka bei ya paka kwa umri. Kuanzia usiku wa kuzaliwa hadi afungue macho, peni moja. Kuanzia hapo hadi aue panya, peni mbili. Akishaua panya, peni nne. Na aliyeuza paka alipaswa kuhakikisha kwamba anaona, anasikia, kucha zake ni nzima, anaua panya, na hali watoto wake. Kasoro ikitokea, muuzaji anarudisha theluthi moja ya bei.

Niliposoma orodha hiyo nilisimama. Wale wakulima wa Wales walikuwa watu wa stoo kama sisi, maskini kama sisi, na panya walikuwa wanawamalizia kama wanavyommalizia Mama Shiku. Lakini angalia ngazi zao. Macho, halafu kuua panya. Hakuna ngazi ya "ameanza kula". Kwao mtoto wa paka anayekula peke yake lakini hajui kuwinda alikuwa bado nusu bei.

Sasa njoo nyumbani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na kabla ya kuteremka kuelekea ziwani ilipanda huku kwetu, kwenye baridi ya Mau. Reli ilibeba watu, ikabeba nafaka, na panya hawakukata tiketi. Mwaka 1902 tauni, ugonjwa ambao viroboto wa panya husambaza, ilipoingia Nairobi, serikali iliteketeza soko la Wahindi lote. Huku juu, walowezi walichukua ardhi, wakaweka kondoo, ngano na baadaye pareto, na waliofanya kazi yote walikuwa maskwota, watu walioruhusiwa kuishi shambani mradi watoe jasho. Shosho alizaliwa ndani ya maisha hayo. Alichuma pareto kabla hajajua kuandika jina lake. Alinisimulia kwamba stoo ya mahindi ya shamba lile ilikuwa na paka, na kwamba paka huyo alizaa, na nyapara akawagawa watoto siku ile ile walipoonekana wakilamba sufuria. Familia ya skwota haikuwa na mahali pa kuweka midomo ya ziada. Hapo ndipo yeye alijifunza lile swali, na yeye ndiye aliyetufundisha.

Kwa hivyo Mama Shiku ana haki ya kuniuliza: kama shosho alitoa paka mapema na paka akashika panya, shida iko wapi?

Mtu wa kwanza aliyenisaidia kujibu alikuwa Zing-Yang Kuo, mwanasaikolojia wa China, ambaye mwaka 1930 alichapisha majaribio juu ya swali ambalo kila mwenye stoo hujiuliza: je, paka huzaliwa akijua kuua panya? Aliwalea watoto wa paka kwa makundi. Kundi moja lilikua likimwona mama akiua panya. Kati ya 21, waliokuja kuua panya kabla ya miezi minne walikuwa 18. Kundi la pili lililelewa peke yake, bila mama wa kuangalia. Kati ya 20, waliua 9. Kundi la tatu lililelewa kibanda kimoja na panya, likila na kulala nao. Kati ya 18, waliua 3.

Soma tena hizo namba ukiwa na stoo ya mbegu za viazi akilini. Paka aliyekaa na mama mwindaji, karibu wote wanaua. Aliyelelewa bila mama, ni kama kurusha sarafu. Yule paka wa shosho alikuwa upande mzuri wa sarafu. Hakuna mtu huku kijijini anayesimulia habari za wale wa upande mwingine, kwa sababu paka asiyeshika panya hana hadithi. Anafukuzwa tu, au anapotea.

Na ukimwangalia mama wa paka kwa makini utaona anavyofundisha. Watoto wakifika kama wiki ya nne anawaletea panya aliyekufa, anamla mbele yao, kisha anawaachia. Baadaye analeta aliye hai nusu, anamwachilia, na akitoroka anamrudisha. Masomo hayo yanaanza wiki ile ile watoto wanaanza kula. Yaani siku ile sisi tunasema "ako tayari" ndiyo siku ya kufungua shule. Tunamtoa mtoto darasani kengele ya kwanza ikilia, halafu tunashangaa hajui kusoma.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi. Lakini kuna upande mwingine, na upande huo mimi nimeuona kwa macho yangu.

Mwisho wa Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, nilikuwa na miaka minane. Molo haikuwa ngeni kwa mambo hayo. Mwaka 1992 nyumba zilikuwa zimechomwa, na mamangu alikuwa tayari anajua ni vitu gani mtu huchukua: vitambulisho, hati, blanketi, sufuria moja. Januari tuliondoka usiku kwenda Nakuru. Mbwa alitufuata mpaka barabarani. Paka hakuja. Alikuwa ameketi juu ya ukuta wa stoo akitutazama, na nakumbuka nililia kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya nyumba, maana nyumba sikujua kwamba hutairudia jinsi ulivyoiacha.

Februari mwishoni wakubwa walitia saini mkataba wa amani. Mei serikali ikaanza kurudisha watu mashambani, zoezi lililoitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Sisi tulirudi Juni. Nyumba ilikuwa imeungua. Stoo ilibaki kuta tatu na mabati kidogo. Mamangu alikuwa anazunguka kwenye majivu akitafuta jembe, na kama kawaida yake alikuwa anaongea peke yake. Paka akatoka nyuma ya mabati. Amekonda, sikio moja limekatika, lakini alitembea moja kwa moja mpaka miguuni pa mama akajisugua. Miezi mitano hajaona mtu wa kumpa chakula, na sauti ya mamangu ilitosha.

Nyuma yake mlikuwa na watoto watatu. Kwa ukubwa wao walikuwa na miezi karibu mitatu. Walikuwa wazuri, wenye afya kuliko mama yao, na walijua kuwinda sana. Tuliwaona wakibeba panya. Lakini hawakuwahi kumwona binadamu. Tulijaribu kila kitu. Maziwa, omena, subira. Mama yao alikuwa analala mapajani mwetu, wao wakitutazama kutoka kwenye ua kama watu wanaongoja tuondoke. Kaka yangu alimshika mmoja kwa gunia. Alimng'ata mkono mpaka mfupa, na kaka akaishia kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, mfululizo, wiki baada ya wiki. Yule paka tulimfungia jikoni siku mbili. Hakula. Siku ya tatu mama alifungua mlango akasema, "Wacha aende, huyu hakuzaliwa wetu." Mwaka ulipoisha wote watatu walikuwa wameingia msituni.

Kwa miaka mingi niliamini walikuwa wabaya kwa sababu walizaliwa wakati mbaya. Sasa najua ilikuwa ni kalenda tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alifanya jaribio ambalo ungeweza kulifanya hata hapa. Watoto wengine wa paka walishikwa na watu kila siku, dakika 15 au 40, kuanzia wiki ya tatu. Wengine walianza kushikwa wiki ya saba. Wengine hawakushikwa kabisa. Kisha akapima ni nani atakubali kukaa na mtu akiwa huru kuondoka. Walioanza mapema walikaa muda mrefu zaidi. Walioanza wiki ya saba hawakuwa mbali sana na wale ambao hawakushikwa. Kutoka kazi hiyo watafiti wakaanza kusema kwamba kuna dirisha: wiki ya pili hadi ya saba hivi. Ndani ya muda huo paka anajifunza ni viumbe gani ni wa kwake. Ukipita, unaweza bado kumzoesha, lakini kwa kazi kubwa, na wengine hawazoei kabisa.

Dirisha hilo linaeleza stoo yetu ya 2008. Linaeleza pia jambo lililotokea pwani miaka 30 kabla yake. Mwaka 1978, huko Watamu, Jeni Slater alikuta watoto wa paka wenye manyoya ya ajabu kwenye shamba lake la minazi, pembeni mwa msitu wa Arabuko Sokoke. Wagiriama walikuwa wanawajua paka hao zamani, wakiwaita kadzonzo, kwa vile rangi yao inafanana na gome la mti. Slater aliwachukua wangali wadogo, akawalea nyumbani, na wakawa paka wa nyumbani kabisa. Katika miaka ya 1980 rafiki yake Gloria Moeldrup alipeleka baadhi yao Denmark. Mwaka 1993 shirikisho la paka la FIFe likawatambua kama ukoo rasmi, Sokoke. Paka wa kichaka cha Kilifi akapata cheti cha kuzaliwa kabla ya watoto wengi wa Kilifi.

Watoto wa Watamu walikutana na watu mapema. Wa Molo walichelewa.

Hapa Mama Shiku angepiga meza. "Si nilikuambia! Achukuliwe mapema azoee watu!" Na kweli, ukisoma Karsh peke yake unaweza kumpa paka wa wiki nne na kumwambia aende salama.

Lakini mwaka 1959 mtafiti mwingine Mmarekani, Philip Seitz, alikuwa ameshauliza swali lenyewe tunalolizungumzia. Aliwatenganisha watoto wa paka na mama zao kwa umri tofauti: wiki mbili, wiki sita, wiki kumi na mbili. Akawafuatilia hadi utu uzima. Walioondolewa wiki mbili ndio walikua na hofu zaidi, wakirukaruka ovyo, wakigombana vibaya panapokuwa na chakula cha kugombania. Walilishwa, walitunzwa, na bado hawakutulia.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, wakachapisha kitu kikubwa zaidi, majibu ya wenye paka zaidi ya 5,000. Paka walioachishwa mama kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi kwa watu wasiowajua. Waliokaa mpaka wiki 14 au zaidi walikuwa na tabia chache za ajabu, kama vile kujilamba mpaka manyoya yaishe au kunyonya na kutafuna vitambaa. Kwao Finland desturi ilikuwa tayari wiki 12. Watafiti walipendekeza waongeze mbili.

Sababu haiko mbali, iko kwenye karai lile kando ya jiko. Kaa chini uwatazame dakika kumi. Wanapigana kutwa. Mmoja aking'ata sana, mwenzake anapiga kelele na mchezo unaisha. Akimng'ata mama, mama anamzaba kofi. Hivyo ndivyo anajifunza nguvu za meno yake. Mchezo huu unapamba moto baada ya wiki ya saba, siyo kabla. Mtoto wa paka aliyeondolewa wiki ya tano hana mwenzake wa kupiga kelele. Atajifunzia mkononi mwako, na wewe utasema una paka mkali.

Kwa hivyo zipo saa mbili, na hazipigi pamoja. Saa ya watu inaanza mapema na inafungwa mapema, kama wiki ya saba. Saa ya mama inaendelea mpaka wiki nane kwa uchache, na vizuri zaidi kumi hadi kumi na mbili. Makosa yetu ya miaka yote, mimi na shosho na nyapara, ni kudhani ni lazima uvunje moja ili upate nyingine. Si lazima. Mtoto wa paka anaweza kushikwa na watu kila siku akiwa bado kwa mama yake. Kwa kweli hapo ndipo pazuri zaidi kushikwa, kwa sababu anamwona mama yake hakimbii. Wale watatu wa 2008 walikaa na mama yao muda wote uliotakiwa. Walichokosa ni sisi, na sisi tulikuwa kambini.

Wenzetu wa nje wameligeuza jambo hili kuwa kanuni. Marekani, kanuni za shirikisho zinakataza mfanyabiashara kusafirisha paka ambaye hajafika wiki nane na hajaacha kunyonya. Wafugaji wa paka wa ukoo Ulaya kwa kawaida hawamtoi mtoto kabla ya wiki 12 au 13. Hapo ndipo nilicheka peke yangu saa nane usiku. Mjukuu wa kadzonzo wa Watamu, akizaliwa Copenhagen, anapewa miezi mitatu na mama yake. Binamu yake wa Molo anapewa wiki tano na gunia.

Na Molo kuna sababu mbili za ziada ambazo hazihitaji mtafiti. Ya kwanza ni baridi. Tuko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Julai asubuhi unaona pumzi yako ndani ya nyumba. Mtoto wa paka katika wiki za mwanzo hawezi kutunza joto la mwili wake vizuri. Joto lake ni mama na ndugu zake. Ukimtia peke yake kwenye stoo ya mabati usiku wa huku, wale tunaosema "hakuwa na bahati" wengi wao walikufa kwa baridi.

Ya pili ni magonjwa. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga, lakini kinga hiyo inapungua polepole, na kwa wengi inaisha mahali fulani kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita. Ndiyo maana chanjo za paka huanzishwa wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka kama wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia kama miezi mitatu. Ugonjwa huo ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na tangu 2014 nchi ina mpango wa kumaliza vifo vyake kwa watu ifikapo 2030. Kaka yangu bado ana alama mkononi. Najua huku wengi hatumpeleki paka kwa daktari wa mifugo, lakini dawa moja wanapopita kuchanja mbwa, paka wa miezi mitatu anaweza kubebwa pia. Wa wiki tano hawezi.

Jumamosi nilienda kwa Mama Shiku na nusu ya sukari yake. Sikumwambia habari za Finland. Nilimwambia habari za Kuo, kwa sababu yeye shida yake ni panya.

"Kati ya ishirini na mmoja waliokaa na mama, kumi na wanane waliua panya. Kati ya ishirini wasiokaa na mama, tisa."

Alinyamaza kidogo. Mama Shiku ni mwekahazina wa chama, namba hazimpiti. "Tisa kwa ishirini ni hasara," akasema.

"Ni hasara, mama."

"Na huyo wenu anashika?"

"Jana ameleta mbili."

"Sasa mimi nikae na panya mpaka lini?"

Nilimwambia wiki tano zingine, atakuwa na wiki kumi, na wakati huo mama wa paka anaweza kuja kulala stoo yake usiku kama ataacha mlango wazi, maana tayari huwa anapitia huko. Na nikamwomba kitu kimoja: amtume Shiku kila jioni akitoka shule, aje amshike yule wa madoa robo saa. Amlishe kwa mkono, aongee naye, amzoee.

"Kwani ni kazi ya shule?"

"Ni ili akija kwako asikimbie."

Alifikiria. Yeye pia alikuwa Nakuru mwaka ule, hema la tatu kutoka letu. Aliwaona wale watatu kwenye ua tuliporudi, na hata yeye aliwawekea maziwa siku kadhaa. Sikumkumbusha, lakini nadhani alikumbuka, kwa sababu alisema tu, "Ni sawa. Lakini sukari hiyo rudi nayo, ni ya paka."

Shiku amekuja siku nne sasa. Ana miaka tisa na hajui kunyamaza. Leo alikaa chini kando ya jiko na sketi ya shule, akasimulia mtihani wake wa hesabu wote, swali kwa swali, na yule wa madoa akalala kwenye sweta yake huku mama yake akiwa amejinyoosha hapo karibu, macho nusu wazi. Saa kumi na mbili Shiku akainuka kwenda. Akamrudisha kwenye karai.

"Atanikumbuka kesho?"

Nikamwambia atamkumbuka.